Akae Benchi au Acheze? Mashabiki wa NFL na Malezi ya Kwotabeki Kijana

Aprili 1999, mashabiki wapatao thelathini wa Philadelphia Eagles walipanda basi kwenda New York wakiwa na jina moja tu midomoni: Ricky Williams. Safari iliandaliwa na kituo cha redio cha michezo cha jijini kwao. Walikwenda kushuhudia drafti, shughuli ya kila mwaka ambamo timu za NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, hupokezana zamu kuchagua vijana kutoka vyuo vikuu. Williams alikuwa mkimbiaji wa kutisha. Eagles walikuwa na zamu ya pili, na walipomtaja Donovan McNabb, kwotabeki wa chuo cha Syracuse, kundi zima likaangua zomeazomea. Kijana wa miaka 22 alipanda jukwaani akapokewa hivyo na watu waliovaa rangi za timu atakayoitumikia.

Kocha wake mpya, Andy Reid, hakuwa na pupa. Kwa mechi tisa alimwanzisha mkongwe Doug Pederson, McNabb akiingizwa kwa vipande, kisha akamkabidhi kijana timu. Katika miaka iliyofuata McNabb aliifikisha Eagles kwenye fainali ya kanda ya NFC mara tano, na kwenye Super Bowl, fainali ya ligi nzima, ya Februari 2005 waliyofungwa na New England kwa 24-21. Kuhusu nani achaguliwe, mashabiki wale walikosea. Kilichobaki ni swali ambalo mashabiki wa timu zote 32 hugombania kila msimu hadi leo: kijana akishachaguliwa, alelewe vipi? Akae benchi ajifunze kwa kutazama, au aingizwe ajifunzie humo humo motoni?

Kwa aliyezoea kandanda, nafasi hii haina mfano wake. Timu inayoshambulia ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, na karibu kila jaribio huanzia mikononi mwa kwotabeki. Kocha humpa mpango kwa redio iliyo ndani ya helmeti, na redio hiyo hukatika saa ya kuanzisha mchezo inapobakiza sekunde 15. Kuanzia hapo yuko peke yake. Anasoma jinsi walinzi walivyojipanga, anabadilisha mpango kwa sauti ikibidi, anapokea mpira, na ana sekunde tatu hivi za kuamua huku majitu ya kilo 130 yakimkimbilia. Msimu mzima ni mechi 17 tu. Ndiyo maana kila pasi mbovu ya kijana huzungumzwa wiki nzima, na ndiyo maana nafasi hii, kuliko nyingine yoyote katika michezo ya timu, imekuwa ya kusengenywa na kusulubiwa.

Nimefuatilia mabishano haya kwa miaka mingi, na kadiri ninavyoyasikiliza ndivyo ninavyoamini kwamba kambi zote mbili zinagombania jambo la pili huku la kwanza likipita kimya. La kwanza ni hili: kijana anaingia katika nyumba ya aina gani?

Wanaotaka akae benchi wana mashahidi wakubwa. Aaron Rodgers alichaguliwa wa 24 mwaka 2005 na Green Bay Packers, akakaa miaka mitatu nyuma ya Brett Favre, kisha akatwaa Super Bowl ya Februari 2011 na tuzo nne za mchezaji bora wa ligi. Patrick Mahomes alichaguliwa wa 10 mwaka 2017 na Kansas City Chiefs, kwa Andy Reid yule yule, akakaa msimu karibu mzima nyuma ya Alex Smith na kucheza mechi moja tu ya mwisho. Mwaka uliofuata alirusha pasi 50 za tachidauni, yaani za kufunga, na zaidi ya yadi 5,000, akawa mchezaji bora wa ligi. Baada ya hapo, shabiki yeyote wa timu iliyochukua kijana akitaka kushinda ubishi hulitaja jina la Mahomes na kunyamaza, kana kwamba kesi imefungwa.

Kesi haijafungwa. Tazama mazingira ya benchi lile. Mwaka ule wa 2017 Chiefs walishinda mechi 10, na Smith alikuwa na msimu bora kuliko yote aliyowahi kucheza. Hapakuwa na sababu ya kumharakisha mtu. Smith mwenyewe, ambaye alijua wazi kwamba kijana yule ameletwa kumrithi, alimfungulia mlango: Mahomes alikaa naye kwenye vikao, akatazama jinsi mtu mzima anavyopanga wiki yake ya maandalizi, anavyosoma video na anavyotambua shambulio la walinzi kabla halijaanza. Na ni Smith ambaye alikuwa na haki ya kuwa na uchungu. Aliingia ligi akiwa chaguo la kwanza la 2005 huko San Francisco, akabadilishiwa mratibu wa mashambulizi karibu kila mwaka, lugha mpya ya mipango kila kiangazi, hadi mashabiki wa huko wakamhesabu kuwa mzigo. Kocha Jim Harbaugh alipofika 2011 na kumtuliza, timu ikafika fainali ya kanda. Benchi la Mahomes lilikuwa na mwalimu aliyeijua gharama ya malezi mabaya kwa mwili wake mwenyewe.

Green Bay nao wana lao. Aprili 2020 walipomchukua Jordan Love wa Utah State katika raundi ya kwanza, mashabiki wao walikasirika, na hasira ile ilikuwa na mantiki: timu ilikuwa imetoka kucheza fainali ya kanda miezi mitatu nyuma, Rodgers alihitaji mpokeaji, na klabu ikamletea mrithi. Love akakaa miaka mitatu. Alipoanza 2023, timu ilishinda mechi tatu na kupoteza sita kati ya tisa za mwanzo, na sauti zilezile zikarudi. Kisha wakamaliza na ushindi mara tisa, wakaingia mchujo, wakaifunga Dallas kwa 48-32 uwanjani kwake. Rodgers pia, mwaka wake wa kwanza wa kuanza, 2008, alipoteza mechi 10 kati ya 16. Hapa pana somo ambalo kambi ya benchi hulipita haraka. Miaka mitatu ya kutazama haikuwaondolea vijana hawa msimu mgumu. Iliuahirisha tu hadi siku ambayo wangeweza kuubeba.

Na kwa nini Green Bay waliweza kusubiri hivyo mara mbili mfululizo? Kuanzia 1992 wameipa nafasi hiyo kwa urithi wa Favre, Rodgers na Love, na klabu yao ndiyo pekee katika ligi isiyo na tajiri mmoja mwenye mali. Inamilikiwa na wanahisa zaidi ya 500,000, mashabiki wa kawaida wenye cheti ukutani kisichowalipa gawio. Hapana mtu mmoja wa kuamka Jumatatu na hasira akafukuza kila mtu. Sidhani ni bahati kwamba klabu yenye subira kuliko zote ni ile isiyo na bwana mkubwa.

Kuna waliokaa benchi ambao hatuwataji. Jake Locker alichaguliwa wa 8 na Tennessee mwaka 2011, akakaa mwaka nyuma ya Matt Hasselbeck kwa utaratibu uliosifiwa, na kabla ya msimu wa 2015 akastaafu. Trey Lance aligharimu San Francisco nafasi tatu za raundi ya kwanza mwaka 2021. Alikuwa amecheza mechi moja tu mwaka wake wa mwisho chuoni kwa sababu ya korona. Kijana mwenye njaa ya mechi akawekwa benchi, kisha msimu wa pili akavunjika kifundo cha mguu katika mechi ya pili, na nafasi yake ikaishia kwa Brock Purdy, mtu wa 262, wa mwisho kabisa kuchaguliwa mwaka 2022. Ukiwahesabu hawa pamoja na akina Mahomes, benchi linakuwa mahali tu. Halifundishi lenyewe. Tena kwotabeki wa akiba hupata majaribio machache sana mazoezini, kwa kuwa wiki ni fupi na anayeanza ndiye anayehitaji kuzoeana na wapokeaji wake. Mkataba wa ligi na wachezaji wa 2011 ulipunguza mazoezi ya kugongana hadi 14 kwa msimu mzima na kufuta mazoezi mazito ya mara mbili kwa siku. Ilikuwa haki kwa afya ya wachezaji, ila ilimnyima kijana wa benchi saa alizokuwa akizipata Rodgers.

Wanaotaka acheze nao wana mashahidi wao. Troy Aikman, 1989, alianza mechi 11 na kupoteza zote 11, kisha akaipa Dallas Super Bowl tatu. Peyton Manning, 1998, alirusha pasi 28 zilizonaswa na wapinzani, idadi ambayo hakuna mgeni wa ligi aliyewahi kuifikia, na Indianapolis ikapoteza mechi 13. Mwaka wa pili ikashinda 13. Hoja yao ni kwamba kasi ya walinzi wa NFL haionekani kwenye video, na kosa lililofanywa mbele ya watu 70,000 halirudiwi kirahisi. Naikubali, kwa sharti moja ambalo wenyewe hawalitaji: Manning aliachwa na miguu yake. Alirusha ovyo, lakini hakuvunjwavunjwa.

David Carr alivunjwavunjwa. Houston Texans, klabu mpya iliyoanza kucheza 2002, ilimchukua wa kwanza na kumweka nyuma ya ukuta wa kumlinda uliojaa wachezaji waliookotwa huku na kule. Aliangushwa mara 76 msimu huo, rekodi ya ligi ambayo bado ipo. Mtu anayeangushwa mara 76 anafundishwa kitu, naam: anafundishwa kutoamini sekunde ya tatu. Anaanza kuangalia miguu ya wanaomjia badala ya wapokeaji wake. Carr hakuwahi kupona tabia hiyo kikamilifu, na mashabiki wengi waliandika kwamba hakuwa na kipaji.

Mfano unaoniumiza zaidi ni wa Andrew Luck. Alichaguliwa wa kwanza 2012 na Indianapolis, akaanza siku ya kwanza, na kila msimu kati ya mitatu ya mwanzo timu ikashinda mechi 11. Kambi ya "acheze" ilimtumia kama ushahidi kamili. Chini ya ushindi ule mwili ulikuwa ukilipa: figo ilichanika, bega likaharibika hadi likamtoa msimu mzima wa 2017. Klabu ilikuja kujenga ukuta wa maana 2018, ilipomleta Quenton Nelson, na mwaka ule Luck aliangushwa mara 18 tu. Ulikuwa umechelewa. Agosti 24, 2019, akiwa na miaka 29, alitangaza kustaafu. Habari zilivuja mechi ya maandalizi ikiendelea, na alipokuwa akitoka uwanjani mashabiki wa nyumbani walimzomea. Naelewa mshituko wao, tiketi zilikuwa zimelipiwa na msimu ulikuwa wiki mbili mbele. Hata hivyo lile lilikuwa kosa, na zito. Miaka saba walimshangilia akiinuka chini, bila kuuliza kwa sauti ile ile nani anayemwacha aangushwe.

Subira ya mashabiki ina upande wa fedha pia, na hapa wanaelewa mambo kuliko wanavyosifiwa. Sam Bradford, chaguo la kwanza la 2010, alisaini mkataba wenye dola milioni 50 za uhakika kabla hajarusha pasi moja. Mwaka uliofuata, baada ya mkataba mpya wa ligi, Cam Newton alichaguliwa wa kwanza akalipwa milioni 22 kwa miaka minne. Kwa kuwa kila timu ina kikomo cha mishahara, kwotabeki mzuri mwenye mshahara wa kijana akawa hazina: klabu inaweza kununua walinzi na wapokeaji kwa fedha anazookoa. Seattle walifanya hivyo na Russell Wilson wa raundi ya tatu wakashinda Super Bowl ya Februari 2014. Kinyume chake ni kwamba saa inahesabu. Baada ya msimu wa tatu klabu huamua kama itaongeza mwaka wa tano kwa mchezaji wa raundi ya kwanza. Shabiki anayelia kwamba kijana kukaa benchi mwaka mzima ni kutupa robo ya mkataba nafuu hapigi kelele tu. Anahesabu, na hesabu yake ni sahihi. Tatizo ni kwamba klabu nazo zilijifunza hesabu hiyo zikaanza kutupa watu. Arizona walimchukua Josh Rosen wa 10 mwaka 2018, wakamfukuza kocha baada ya msimu mmoja, kocha mpya akataka Kyler Murray, na Rosen akauzwa Miami mwaka mmoja tu baada ya kuchaguliwa.

Sasa kisa cha Carolina na Chicago, kwa sababu hapo ndipo naona kila kitu kwa pamoja.

Machi 2023 Carolina Panthers waliitafuta nafasi ya kwanza ya drafti kwa udi na uvumba. Waliinunua kwa Chicago Bears kwa nafasi nne, ikiwemo ya raundi ya kwanza ya 2024, pamoja na DJ Moore, mpokeaji wao bora. Walimnunua mrushaji kwa kumuuza mpokeaji. Wakamchukua Bryce Young wa Alabama, kijana mwenye akili ya mchezo isiyobishaniwa na mwili mdogo wa sentimita 178, wakamweka nyuma ya ukuta uliobomoka. Aliangushwa mara 62. Kocha Frank Reich aliachia jukumu la kuita mipango, akalichukua tena, kisha akafukuzwa Novemba baada ya mechi 11. Alikuwa kocha wa tatu kufukuzwa msimu ukiendelea chini ya David Tepper, aliyeinunua klabu 2018. Timu ilishinda mechi mbili. Kwa kuwa ilikuwa ya mwisho, zamu yake ya 2024 ikawa ya kwanza, na zamu hiyo ilikuwa mali ya Chicago.

Ubishi wa mashabiki wa Carolina mwaka ule ulikuwa mmoja: tulipaswa kumchukua C.J. Stroud. Stroud alikwenda Houston akiwa wa pili, akarusha yadi 4,108, tachidauni 23 na pasi tano tu zilizonaswa, akaingia mchujo na kushinda mechi. Huenda ni kweli kwamba yeye ni mrushaji bora. Ila angalia mwaka wake wa pili. Ukuta wa Houston ulipolegea 2024 aliangushwa mara 52, pasi zilizonaswa zikafika 12, na mratibu wa mashambulizi akafukuzwa. Ilikuwa mikono ile ile. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na katika ligi hii mlezi hubadilika kila baada ya miezi michache.

Mwaka 2024 Carolina walimleta kocha Dave Canales na kuwalipa walinzi wawili wa ukuta, Robert Hunt na Damien Lewis, mikataba inayozidi dola milioni 150 kwa jumla. Baada ya mechi mbili Canales akamweka Young benchi. Siku zile mashabiki waligawanyika vibaya. Wapo waliosema kijana amekwisha, auzwe hata kwa bei ya kutupa. Wapo waliosema kumtoa baada ya mechi mbili ni kummaliza moyo. Mkongwe Andy Dalton alishinda mechi yake ya kwanza kisha timu ikarudi kufungwa, na Dalton alipoumia kidole gumba katika ajali ya gari Young akarejea katika mechi ya ugenini Denver mwishoni mwa Oktoba. Aliyerejea alirusha kwa ujasiri. Alimaliza msimu kwa kuifunga Atlanta 44-38 ugenini, na msimu wa 2025 Carolina ikaingia mchujo kwa mara ya kwanza tangu ule wa 2017. Mashabiki wa benchi husema benchi ndilo lililomponya. Mimi naona zile wiki tano zilimpa pumzi, lakini kilichombadilisha ni ukuta uliomsubiri aliporudi na kocha aliyebaki kazini.

Chicago waliitumia zamu ile kumchukua Caleb Williams. Mashabiki wa Bears wana kidonda cha zamani: 2017 klabu yao ilimchukua Mitchell Trubisky wa pili, huku Mahomes akisubiri hadi wa 10. Williams alipofika walitaka acheze mara moja, akacheza, na akaangushwa mara 68. Mratibu wa mashambulizi alifukuzwa Novemba, na kocha mkuu Matt Eberflus akafuata mwezi uo huo, mara ya kwanza katika historia ya klabu hiyo kocha kuondolewa katikati ya msimu. Timu ilipoteza mechi 10 mfululizo. Kisha Desemba 26, 2024, timu ikifungwa na Seattle kwa 6-3 uwanjani Soldier Field, mashabiki waliimba kwa pamoja wakitaka timu iuzwe. Kijana hakutajwa, wala kwotabeki wa akiba. Walikuwa wakiwaimbia wenye mali. Kwangu ule ulikuwa uchambuzi sahihi kuliko saa nyingi za redio. Januari klabu ikamleta kocha Ben Johnson kutoka Detroit, ikajenga upya katikati ya ukuta kwa kuwaleta Joe Thuney, Jonah Jackson na Drew Dalman, na msimu uliofuata Williams akashinda mechi 11.

Kuna jambo katika maoni ya mashabiki ambalo si la kiufundi, na haliwezi kuachwa. Warren Moon alilazimika kwenda kucheza Kanada miaka sita kabla Houston Oilers hawajampa nafasi mwaka 1984, kwa sababu NFL ya wakati ule haikuamini kwamba mtu mweusi anaweza kuongoza kwa akili. Mawazo hayo hayakufa siku Doug Williams alipoishindia Washington Super Bowl ya Januari 1988. Kabla ya drafti ya 2018 walikuwepo watu wa mpira walioshauri Lamar Jackson abadilishwe awe mpokeaji. Alichaguliwa wa 32, Baltimore wakaujenga upya mfumo wao mzima kulingana na miguu na mkono wake, na msimu wa 2019 akapigiwa kura zote za mchezaji bora. Sikiliza maneno ya mashabiki: kijana mmoja akikosea husemwa kwamba bado anajifunza, mwingine akikosea husemwa kwamba ni mwanariadha tu. Msamiati huo humpunguzia kijana mweusi muda wa malezi, na kila shabiki aupime kabla ya kuutumia.

Kuhusu kumpenda wa akiba nitasema kwa ufupi. Denver, 2011, mashabiki waliimba jina la Tim Tebow hadi wakaweka bango la barabarani, na kocha akamwanzisha. Alishinda mechi saba kati ya 11 na akaitoa Pittsburgh kwenye mchujo kwa pasi ya yadi 80 katika muda wa nyongeza. Miezi miwili baadaye klabu ilimsaini Peyton Manning na kumuuza Tebow. Mashabiki walipata walichokitaka, na walistahili furaha ile, lakini haikuwa malezi. Huko Cleveland, ambako makwotabeki zaidi ya 40 wameanza tangu klabu irudi 1999, kelele za 2025 za kutaka Shedeur Sanders, kijana wa raundi ya tano, zilikuwa za watu waliochoka kungoja. Siwalaumu, lakini nyumba iliyochoma watu zaidi ya 40 haitatengenezwa na mmoja zaidi.

Nani basi amepatia? Ushahidi mzito zaidi kwangu ni Sam Darnold. New York Jets walimchukua wa tatu mwaka 2018, wakamwanzisha mechi ya kwanza akiwa na miaka 21, wakamfukuza kocha baada ya mwaka. Oktoba 2019, usiku ambao New England iliwafunga 33-0, kipaza sauti kilimnasa akisema anaona mizimu. Wenye kumcheka walikuwa wengi. Aliuzwa Carolina 2021, akaachwa. Mwaka 2023 alikwenda San Francisco kukaa nyuma ya Purdy, chini ya kocha Kyle Shanahan. Kwa hiyo mwaka wa benchi aliupata akiwa ameshakaa ligi miaka mitano. Mwaka 2024 Minnesota walimchukua awe wa muda tu, kijana wao J.J. McCarthy akaumia goti kabla ya msimu, na Darnold akashinda mechi 14 kwa yadi 4,319 na tachidauni 35. Alikuwa na Justin Jefferson wa kumrushia na kocha Kevin O'Connell wa kumwelekeza. Februari 2026 alishinda Super Bowl na Seattle. Hakuna aliyempandikiza mkono mpya katika miaka hiyo. Mashabiki wa Jets waliosema "hafai" walikuwa wakitoa hukumu juu ya klabu yao bila kujua.

Wala siyo kwamba kila kijana ana dhahabu ndani. Ryan Leaf alichaguliwa nyuma ya Manning tu na hakuna ukuta ambao ungemwokoa na tabia zake. Anthony Richardson alichaguliwa wa nne mwaka 2023 akiwa ameanza mechi 13 tu chuoni, akaumia, akaingia na kutoka, na bado sijui kundi gani la mashabiki lilikuwa na dawa yake. Lakini kabla ya kumhukumu mtu, shabiki wa leo ana vifaa ambavyo baba yake hakuwa navyo. Tangu 2012 ligi imekuwa ikiwauzia mashabiki video ya juu inayoonyesha wachezaji wote 22, ile ile wanayoitazama makocha. Ukiitazama, pasi iliyoonekana ya kipumbavu kwenye televisheni mara nyingi ni ya mpokeaji aliyekata kona vibaya au mlinzi aliyepitwa kabla kijana hajamaliza hatua ya pili.

Kwa hiyo wewe ambaye timu yako itachukua kijana Aprili ijayo, acha kwanza kuuliza ataanza wiki ya ngapi. Uliza nani atamlinda upande asiouona. Uliza kocha ana miaka mingapi ya mkataba, na kama mwenye timu aliwahi kumvumilia yeyote. Uliza atamrushia nani. Majibu yakiwa mazuri, aanze kesho au mwakani, mwachie kocha. Yakiwa mabaya, pelekeni hasira yenu kwa anayesaini hundi, na mpelekeeni mapema, kabla hamjalipia tiketi za msimu.